Mchezo wa "Maitũ Njugĩra" na Watazamaji Wake

Wanaoandika historia ya michezo ya kuigiza katika Afrika ya Mashariki hutueleza kwa urefu habari za watungaji, na pengine za watawala waliowafungia milango. Lakini watazamaji huachwa wakiwa hesabu ya vichwa tu. Katika makala haya nimekusudia kuwaangalia hao watazamaji, na hasa wale walioukusanyikia mchezo wa nyimbo uitwao Maitũ Njugĩra, yaani "Mama, niimbie", mjini Nairobi mwezi wa Februari mwaka 1982. Mchezo ule haukupata hata siku moja ya kuonyeshwa rasmi. Hata hivyo ulitazamwa na maelfu.

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo, mpaka Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho karibu na Limuru, ambacho asili yake ni mojawapo ya vile vijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Huko, mwaka 1977, wenyeji walijijengea kwa mikono yao ukumbi usio na paa wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaigiza humo Ngaahika Ndeenda, mchezo wa lugha ya Kikuyu uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba, na tarehe 16 Novemba kibali chake kikaondolewa. Mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hata Desemba ya mwaka 1978. Hayo yanajulikana sana, wala sina haja ya kuyarudia zaidi.

Lisiloangaliwa vya kutosha na wataalamu wa lugha ni jinsi mazoezi ya mchezo ule yalivyofanywa. Yalikuwa wazi kwa kila mpita njia. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, kwamba wazee wa kijiji waliwasahihisha watungaji matumizi ya lugha, wakawaonya mahali ambapo msemo haukumfaa msemaji wa umri fulani. Yafaa tulipime jambo hili kwa uzito wake. Watungaji walikuwa watu wa Chuo Kikuu, wenye kuijua lugha yao ya mama. Lakini kuijua lugha ni jambo moja, na kujua nani aweza kumwambia nani neno gani ni jambo jingine. Elimu hiyo ya pili ilikuwa mikononi mwa watazamaji. Basi tangu mwanzo mtazamaji wa Kamĩrĩĩthũ hakuwa mgeni aliyenunua kiti, bali alikuwa mshiriki wa utungaji, na mchezo ulipofika siku ya kufunguliwa, maneno yake mengi alikuwa amekwisha kuyahakiki.

Mwaka 1981 kikundi kilikusanyika tena kwa ajili ya mchezo mpya, chini ya uongozi wa Kĩmani Gecaũ na Waigwa Wachiira. Huu haukuwa mchezo mwepesi. Habari zake ni za Kenya ya miaka ya ukoloni, wakati wa kipande, ile hati ya kazi ambayo kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuichukua, ikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Lakini habari hizo hazikusimuliwa kwa mazungumzo ya kawaida. Hoja yenyewe ilibebwa na nyimbo, ngoma na maigizo ya kimya, na nyimbo hizo zilitolewa katika lugha kadhaa za makabila ya Kenya. Mtu aweza kuuliza: je, mtazamaji aliyesikia lugha asiyoielewa alifuata nini?

Nadhani swali hilo laonekana gumu kwa sababu tumezoea kuuhesabu wimbo kuwa ni maneno yaliyovikwa sauti. Katika desturi zetu, pande za bara na za pwani pia, wimbo hujulikana kwanza kwa mahali pake: huu ni wa kulima, huu wa kumbembeleza mtoto, huu wa arusi, huu wa vita. Mahadhi na mwendo wa miili vyatosha kuutambulisha, kisha maneno huja yakathibitisha. Hata katika taarabu ya mwambao, ambako maneno hupimwa kwa mizani ya wajuzi, msikilizaji ainukaye kwenda kutuza hatangazi kwamba ameuelewa ubeti. Atangaza kwamba ubeti ule ni wake, na waliopo hutafuta wenyewe anamlenga nani. Mwitikio wa namna hii ndio ambao serikali yo yote huuona mgumu kuuzuia, kwa kuwa hauna maandishi.

Mchezo ulipangwa kufunguliwa tarehe 19 Februari 1982 katika Jumba la Michezo la Taifa, jumba lililojengwa zama za wakoloni, mwaka 1952. Kibali hakikutolewa, na wachezaji walipofika waliikuta milango imefungwa. Hapo ndipo lilipotokea jambo linalonivutia kuliko yote. Kilichohitaji kibali ni maonyesho, mazoezi hayakutajwa. Basi kikundi kikaendelea na "mazoezi" katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakaja kutazama mazoezi. Walijaa kabla ya saa ya kuanza, wakakaa po pote palipo na nafasi, na wengine wakabaki nje wakisikiliza. Neno lile lile ambalo Kamĩrĩĩthũ lilikuwa jina la njia ya kutunga, Nairobi liligeuka kuwa kimbilio. Baada ya mazoezi yapatayo kumi, amri ikaja ya kuwatoa na humo.

Ngũgĩ alikisia kwamba waliohudhuria walikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Hicho ni kisio cha mwenye shughuli, na wenye shughuli huhesabu kwa furaha. Lakini hata tukikipunguza nusu, bado ni umati ambao michezo mingi iliyopata kibali haikuuona.

Juu ya mawazo ya watazamaji hao tunao ushahidi adimu, nao ni utafiti wa Ingrid Björkman, msomi wa Sweden, aliyewahoji baadhi yao na kuchapisha kitabu juu ya mchezo huo mwaka 1989. Yatupasa kumshukuru, maana ni watafiti wachache waliojali kumwuliza aliyeketi chini ya jukwaa. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na maneno ya watazamaji yametufikia katika lugha hiyo. Kwa mtu wa siasa hilo si kitu. Kwetu sisi ni hasara kubwa. Mtazamaji asemapo kwamba aliyoyaona ni maisha yake, twataka kujua alitumia neno gani: je, alisema ni "habari" zetu, au "mambo" yetu, au "wimbo" wetu? Katika tofauti hiyo ndimo ilimo nadharia yake ya sanaa, nayo haiwezi kusomwa katika tafsiri. Kijana aliyekuwa na miaka 20 usiku ule amekwisha kupita 60. Kazi ya kumhoji kwa lugha yake yaweza kufanywa leo. Baada ya miaka 20 haitawezekana.

Tarehe 12 Machi 1982 askari waliokuja na malori waliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikwenda Zimbabwe, wakaendeleza huko kazi ya michezo ya wananchi; na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa Uingereza mwaka ule, alibaki ughaibuni. Mwezi wa Mei mwaka 2022, miaka 40 baada ya milango ile kufungwa, Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa katika Jumba la Michezo la Taifa lile lile, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, kila lugha kwa siku zake. Maitũ Njugĩra haukuwamo.