"Thibitisheni": Faili la Mauaji ya Shilatembo, 1961 hadi 2025

Tarehe 13 Februari 1961, mjini Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini, kisha wakauawa na wanakijiji. Kijiji chenyewe hakukitaja. Akijua kwamba serikali yake ingeshutumiwa kwa mauaji, aliwataka washutumu wathibitishe.

Ukweli ulikuwa mwingine. Wafungwa hao watatu walitua katika uwanja wa ndege wa Luano tarehe 17 Januari. Walipelekwa katika nyumba ya Brouwez, wakapigwa humo, na usiku uleule wakapigwa risasi porini, mahali panapojulikana leo kwa jina la Shilatembo. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo. Kikosi cha wapiga risasi kiliamriwa na kapteni Mbelgiji, Julien Gat, na kamishna wa polisi Frans Verscheure, Mbelgiji pia, alikuwapo. Siku chache baadaye kamishna mwingine Mbelgiji, Gerard Soete, alifukua maiti, akazikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali. Kwa hiyo, waziri alipodai uthibitisho mwezi Februari, uthibitisho ulikuwa umekwisha kuteketezwa.

Je, mauaji hayo yahesabiwe miongoni mwa mauaji ya ubaguzi wa rangi? Jibu si jepesi, kwa kuwa Waafrika walishiriki: wakuu wa Kinshasa ndio waliomtuma mfungwa, na wakuu wa Katanga ndio waliompokea. Hata hivyo, mambo mawili hayana budi kuzingatiwa. Kwanza, chuki ya wakubwa wengi wa Ubelgiji kwa Lumumba ilizidi baada ya hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, ambamo alitaja matusi na mapigo ambayo Mwafrika alivumilia kwa sababu ya weusi wake. Pili, Soete alibaki na meno ya marehemu, kama mwindaji anavyohifadhi pembe za mnyama. Tendo hilo halielezeki kwa siasa peke yake.

Uchunguzi wa kwanza ulifanywa na tume ya Umoja wa Mataifa, ambayo mnamo Novemba 1961 ilikataa habari ya wanakijiji. Hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 1966 Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi wakati wafungwa walipopelekwa Katanga, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Hapo lugha yenyewe ina la kufundisha. Neno *shujaa* hujitosheleza. Lakini neno *aliyeuawa* humdai muuaji. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, taifa lilimheshimu shujaa bila kuuliza habari za muuaji.

Swali lilifufuliwa Ubelgiji, baada ya kitabu cha Ludo De Witte kutolewa mwaka 1999. Tume ya bunge la nchi hiyo ilihitimisha mwaka 2001 kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji walikuwa na dhima ya kimaadili, na mwaka 2002 serikali iliomba radhi. Lakini dhima ya kimaadili haimfikishi mtu mahakamani. Ndiyo maana mwaka 2011 jamaa ya Lumumba walipeleka mashtaka Brussels. Kwa sheria ya kawaida, muda wa kushtaki mauaji ya 1961 ulikuwa umepita. Mnamo Desemba 2012 mahakama ya rufaa iliruhusu uchunguzi kwa hoja kwamba tendo hilo laweza kuwa uhalifu wa kivita, ambao haufutwi na wakati.

Marekani njia ilikuwa tofauti, kwa kuwa huko kosa la kuua halina ukomo wa muda. Byron De La Beckwith alihukumiwa mwaka 1994 kwa kumwua Medgar Evers mwaka 1963. Waliotega bomu katika kanisa la Birmingham mwaka huohuo wa 1963, wakawaua wasichana wanne, walihukumiwa mmoja mwaka 1977, wa pili 2001 na wa tatu 2002. Kesi hizo zaonyesha kwamba kuchelewa kwa haki si lazima kuwe ndiyo kukosekana kwake, ilimradi mshtakiwa yu hai.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Tshombe alifariki mwaka 1969, Munongo 1992, Mobutu 1997, Soete 2000. Jino moja lililochukuliwa kwa jamaa ya Soete mwaka 2016 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mnamo Juni 2025 mwendesha mashtaka wa Ubelgiji aliomba Étienne Davignon, mwanadiplomasia kijana wakati ule na mwenye miaka 92 wakati wa ombi hilo, afikishwe mahakamani. Naye amekana kuhusika.

Neno la Munongo basi limejibiwa kwa sehemu. Jino ambalo muharibifu wa maiti alilihifadhi kwa majivuno yake ndilo lililorudi kushuhudia. Sehemu iliyobaki ni ya Wakongo wenyewe, na ya mji huu hasa: kuandika waliotenda nini, nao walikuwa akina nani, katika lugha ambayo watu wa Lubumbashi huisema nyumbani mwao.