"Uhusiano wa utumbo na diski": istilahi isiyoahidi kupita kiasi

Diski ni kisahani kilichoko kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Katikati kina kiini cha ute mzito uliojaa maji, na pembeni kimezungukwa na nyuzi ngumu zilizopangika tabaka kwa tabaka. Mama wa Msambweni, huko Kwale kwenye pwani ya Kenya, anapoketi juu ya mbuzi kukuna nazi, mgongo umepinda na magoti yako juu, kisahani hicho humin­ywa upande wa mbele na kiini chake kusukumwa nyuma. Kwa mtu mzima diski karibu haina mshipa wowote wa damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Ndiyo maana ikishaanza kukauka na kusinyaa hairejei hali yake upesi. Hali hiyo ni uchakavu wa diski. Tusiiite kuoza, kwani kuoza ni kazi ya vijidudu, na hapo ndipo penye mgogoro.

Miaka ya karibuni watafiti wamebuni dhana inayounganisha bakteria wa utumbo na uchakavu huo, na istilahi yake ya kigeni hutafsiriwa kwa wepesi kuwa "mhimili wa utumbo na diski". Wanataja njia tatu. Ukuta wa utumbo ukilegea, bakteria huenda wakapenya na kusafiri kwa damu hadi kwenye diski. Au kinga ya mwili huchochewa na kumwaga kemikali za uvimbe zinazokula gegedu. Au ufyonzaji wa virutubishi huvurugika. Njia ya pili naiona yenye uzito zaidi, kwa kuwa haihitaji bakteria afike kwenye diski yenyewe. Ile ya kwanza ina pingamizi kubwa. Mwaka 2001 watafiti wa Birmingham waliripoti bakteria katika diski za wagonjwa waliopasuliwa, lakini aliyeonekana zaidi ni yule aishiye kwenye ngozi, na kisu cha upasuaji hupita kwenye ngozi kabla ya kufika ndani.

Atasema mtu: kama bakteria wanashukiwa, si tuwaue? Jaribio la Denmark la 2013 liliwapa baadhi ya wagonjwa wa mgongo viuavijasumu kwa siku 100, likaripoti nafuu kubwa. Wanorwe wakalipima upya kwa wagonjwa 180, wakitumia amoksilini kwa miezi mitatu, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno kumfaa mgonjwa. Pia mwenye maumivu hula tofauti, hutembea kidogo na humeza dawa nyingi. Utumbo wake waweza kubadilika kwa sababu ya mgongo, badala ya kuuharibu. Na uchunguzi wa mapacha wa Finland umeonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa katika uchakavu huu, kuliko hata kazi nzito.

Kwa hiyo napendekeza "uhusiano wa utumbo na diski". Mhimili ni kitu kinachobeba nyumba, nao ushahidi huu haujabeba hata paa. Vilevile tuseme "jamii ya bakteria wa utumbo", si "vijidudu vya tumbo", maana katika nchi ambako viuavijasumu hununuliwa mara nyingi bila cheti cha daktari, neno kijidudu humpeleka mtu moja kwa moja duka la dawa. Wala tusikopi vipimo vya Ulaya: utafiti wa 2014 kuhusu Wahadzabe wa Tanzania uliwakuta na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitalia, huku wakikosa kundi linalosifiwa Ulaya kuwa ni alama ya afya. Wakazi wa Kwale nao wanastahili kupimwa kwa utumbo wao wenyewe.

Mpaka hapo, mchimba mawe wa Tiwi au mfanyakazi wa hoteli ya Diani mwenye mgongo unaouma asimeze amoksilini kwa kubahatisha. Na maumivu yakiandamana na homa za usiku, kukonda au miguu kulegea, aende hospitali bila kuchelewa, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo na kina tiba.