Uvimbe wa Taya na Watoto wa Ziwa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote nne, meno yamelegea. Majuma machache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vilevile.

Hakutulia tena. Mwaka 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000, wakienda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo ulijulikana. Majibu yakachora ramani: uvimbe huo, ambao ulikuwa saratani, ulikaa kwenye nyanda za joto na mvua, kulekule malaria isikokoma. Mwambao wa Ziwa Victoria, na visiwa vyake kama Mfangano wa jamii ya Wasuba, umo ndani ya ramani hiyo.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vilivyojulikana: kupitia miili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi. Alijaribu dawa, na baadhi ya uvimbe ukayeyuka baada ya dozi chache tu.

Dawa zipo, lakini watoto hawazipati kwa usawa. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini, hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Mwaka uliofuata, Septemba 2019, kaunti ya Homa Bay, yenye kisiwa cha Mfangano, ndiko Kenya ilikozindulia chanjo ya malaria, ugonjwa unaoandamana na saratani hii.

Lakini kwa familia ya Mfangano, safari huanzia gatini Sena: boti hadi Mbita, kisha barabara hadi Kisumu, kwenye hospitali kuu. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na matibabu huhitaji kurudi tena na tena kwa miezi. Mpango wa dunia unapaswa kuhesabu pia nauli hiyo, na mhudumu wa zahanati ya kisiwani anayelitambua taya lililovimba badala ya kulichukulia kuwa jino bovu.