Fulana Zilizofikishwa Mahakamani

Sisi tuliolelewa penye khanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa Unguja, Mombasa na Lamu wamekuwa wakichagua doti kwa kusoma kwanza jina lake. Anayehesabiwa kuwa msemaji ni mvaaji, wala hatujapata kuona mwenye duka akiulizwa kwa nini aliuza maneno hayo. Kwa hiyo kisa tunachowaletea ndugu wasomaji katika toleo hili, ingawa ni cha Marekani na cha mambo ya kompyuta, hakitakuwa kigeni sana kwenu. Ni kisa cha jarida dogo, na cha fulana iliyomfikisha muuzaji wake mahakamani.

Jarida lenyewe linaitwa 2600. Lilianza mwaka 1984 huko New York likiwa kijarida cha kurasa chache cha kila mwezi, na baadaye likawa la kila miezi mitatu. Mhariri wake, Eric Corley, huandika kwa jina la Emmanuel Goldstein, mhusika katika riwaya ya George Orwell iitwayo 1984. Jina la jarida linatokana na mlio wa hezi 2600, ambao mitambo ya simu za masafa marefu ya Marekani iliutumia kama ishara kwamba laini iko wazi. Vijana waligundua kwamba filimbi ya plastiki iliyotolewa bure ndani ya boksi la nafaka za Cap'n Crunch ilitoa mlio huohuo, na aliyejua kuipuliza aliweza kupiga simu bila kulipa. Siri ya mtungi muulize kata: kampuni kubwa ya simu ilikuwa na siri yake, na walioifichua walikuwa watoto wenye filimbi.

Jarida hili halikutegemea matangazo ya makampuni. Liliishi kwa fedha za wasomaji: ada za wanaojiandikisha, nakala zilizouzwa madukani, na fulana. Lilipotimiza miaka kumi, mwaka 1994, liliitisha mkutano wake wa kwanza uitwao HOPE katika Hoteli ya Pennsylvania, jijini New York, na mikutano iliyofuata ikawa na fulana zake maalumu. Fulana za namna hii huchapwa chache, na zikiisha zimeisha. Mtu wa nje huziona kama ukumbusho tu wa shughuli. Kwa chombo cha habari kisicho na tajiri nyuma yake, hizo ni kodi ya ofisi na gharama ya karatasi.

Fulana kubeba maandishi ya programu hakukuanza na jarida hili. Miaka ya tisini serikali ya Marekani iliiweka elimu ya kuficha maandishi kwa tarakimu katika orodha ya silaha, na kuipeleka nje ya nchi kulihitaji kibali. Mwaka 1995 Mwingereza Adam Back aliifupisha programu moja ya aina hiyo hadi ikabaki mistari michache tu, na mistari hiyo ikachapwa kwenye fulana pamoja na onyo kwamba nguo hiyo ni silaha. Ilikuwa kejeli, lakini yenye hoja: msafiri akipanda ndege amevaa fulana hiyo, je, amesafirisha silaha?

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Filamu za DVD zilikuwa zimefungwa kwa kufuli la tarakimu liitwalo CSS, na kila mtengenezaji wa mashine za kuzichezea alihitaji leseni. Waliotumia kompyuta za mfumo wa Linux hawakuwa na programu yenye leseni, hata kama DVD waliinunua kwa fedha zao halali. Oktoba 1999 ikatoka programu ya kufungua kufuli hilo, DeCSS. Aliyehusishwa nayo zaidi alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyekuwa na miaka 15. Jarida la 2600 likaandika habari hiyo na kuiweka programu yenyewe kwenye kurasa zake za intaneti.

Januari 2000 makampuni manane ya filamu, yakiwemo Universal, Paramount na Disney, yalifungua kesi New York. Washtakiwa wengine walimalizana nayo nje ya mahakama, akabaki Corley. Shirika la kutetea haki katika intaneti, EFF, lilibeba utetezi wake. Wakati huohuo kampuni ndogo iitwayo Copyleft ilianza kuuza fulana zenye maandishi ya DeCSS mgongoni, na sehemu ya bei ilipelekwa EFF. Aliyenunua alivaa hoja, na papo hapo alichangia wakili.

Mwaka huohuo wa 2000, chama kinachotoa leseni za CSS kiliiingiza Copyleft katika kesi yake ya California. Dai lake lilikuwa kwamba CSS ni siri ya biashara. Tujiulize: siri gani hiyo inayopita barabarani mgongoni mwa watu, ikifuliwa na kuanikwa?

Hukumu hazikuwa za namna moja. New York, Agosti 2000, Jaji Lewis Kaplan alilizuia jarida kuitoa programu hiyo na hata kuwaelekeza watu inakopatikana, kwa kutumia sheria ya hakimiliki ya 1998. Novemba 2001 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye, na mwaka 2002 jarida liliamua kutoendelea hadi Mahakama Kuu ya nchi. Oslo, Johansen alionekana hana hatia mwaka 2003, mara ya kwanza na katika rufaa. Na California, mapema 2004, chama cha leseni kiliomba kuiondoa kesi yake, na mahakama ya rufaa ikasema zuio la awali halikustahili kutolewa kwa kuwa jambo hilo halikuwa siri tena.

Hukumu ya New York tusiipuuze kwa sababu tu tunawapenda wanyonge. Majaji walikubali kwamba maandishi ya programu ni usemi unaolindwa na katiba. Walichosema ni kwamba usemi huu pia hufanya kazi: ukiingizwa kwenye kompyuta, hufungua kufuli. Hapo khanga na fulana ile zinaachana. Khanga humchoma jirani moyoni, lakini haimfungulii mlango. Hata hivyo, hukumu ile ilimzuia mwandishi hata kuonyesha njia, na hilo ni jambo zito kwa kila anayeandika habari.

Sisi tunaoishi ugenini tunavijua vijarida vya kurasa chache, vinavyochapwa kwa michango na kugawiwa misikitini, makanisani na kwenye harusi. Vingi hufa kimya kimya, na mara nyingi si kwa kukosa maneno. Jarida la 2600 lilishindwa kesi lakini halikufa, kwa kuwa wasomaji wake walizoea kulilipia na wengine walisimama kuwalipia watetezi wake. Kwa hiyo mtu akikuuzia fulana, kalenda au kikombe cha chombo kidogo cha habari, usiangalie uzuri wa picha pekee. Muulize fedha zinakwenda wapi, na kama jibu linakuridhisha, nunua mbili.