Idadi ya Ndege Si Kipimo cha Chakula: Hoja kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maeneo oevu ya nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, kwa uratibu wa Wetlands International. Hesabu hizo zina kazi yake. Tatizo huanza zinapofanywa ushahidi wa jambo jingine: kwamba penye chamchanga na vitwitwi wengi, tope nalo limejaa minyoo na mabuu. Makala hii inapinga hitimisho hilo. Kwa kipimo cha majuma na miezi, idadi ya ndege wanaokula hufuata kina cha maji kuliko wingi wa viumbe waliomo topeni.

Kwamba ndege hawa hukusanyika penye mawindo mengi, hakuna anayebisha. Goss-Custard alilionyesha hilo Uingereza kwa Tringa totanus tangu miaka ya 1970. Ubishi ni juu ya kuisoma kanuni hiyo kinyumenyume. Zwarts na Wanink (1993), waliochunguza Bahari ya Wadden, walitenganisha akiba yote iliyomo topeni na ile sehemu inayovunika: mdomo uifikie, koo liimeze, na faida yake ipite gharama ya kuitafuta. Anayehesabu ndege kisha akatangaza akiba ni kama mtu anayekadiria mahindi ya ghalani kwa kutazama msongamano mlangoni. Huenda mlango ndio kwanza umefunguliwa.

Pwani, mambo haya mawili ni magumu kutenganisha. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, bamvua hufunua tope jingi na maji mafu kidogo, na kaa hujificha mashimoni. Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, haina kupwa wala kujaa. Bwawa hilo lililojengwa miaka ya 1960 hulishwa na mito Kikuletwa na Ruvu. Kina chake hubadilika polepole, kwa mvua, kwa mifongo ya miteremkoni na mashamba ya mpunga ya Moshi chini, na kwa maji yanayofunguliwa kuzalisha umeme pale na huko Hale na Pangani.

Chukulia ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500. Maji yakishuka sentimita 10, ukanda wa mita 50 hufunuka. Mabuu ya kironomidi na minyoo ya oligokaeta waliomo ni walewale wa juma lililopita. Hakuna aliyezaliwa kwa sababu maji yameshuka. Lakini Calidris minuta, mwenye mdomo usiofika sentimita 2 na miguu mifupi, sasa anawafikia, na makundi hutua. Jua likikaza tope, mdomo hauzami tena. Ndege huhama hata kabla mawindo hayajafa yote.

Maji yanapopanda, mambo hugeuka. Udongo na majani yaliyofunikwa upya huwa malisho ya kizazi kipya cha mabuu, ilhali ndege wa miguu mifupi wamekwisha kufukuzwa na kina. Akiba inapanda, hesabu inashuka. Masika si jaribio zuri la hoja hii, kwa kuwa wahamaji hurejea kaskazini majira hayo. Vuli ndiyo ya kutazamwa, maana wakati huo wapo.

Itasemwa kwamba ndege wenyewe hupunguza mawindo, na kwamba tope tupu haliwezi kuwavuta mwaka baada ya mwaka. Ni kweli kwa muda mrefu. Lakini hesabu ya siku moja ya Januari haina urefu huo.

Hivyo kila hesabu iambatane na kina cha maji cha siku hiyo na cha majuma yaliyotangulia. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, ni mshirika wa lazima katika kazi hiyo. Pwani, ikiwemo Rufiji-Mafia-Kilwa iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004, kiandikwe kiwango cha kupwa. Pasipo kipimo hicho, takwimu za ndege hazifai kutolea hukumu yoyote kuhusu uhai wa tope.