Karibu Mwaka Mzima Chini ya Kanisa

Muulize mtu yeyote wa Nairobi kuhusu Freedom Corner, na kitu cha kwanza atakachokuambia ni wale kina mama waliovua nguo mbele ya polisi. Ni kweli, walivua. Lakini hiyo ilikuwa shughuli ya dakika chache. Mimi huvutiwa zaidi na miezi iliyofuata, ambayo watu wachache huikumbuka.

Ilikuwa Ijumaa, Februari 28, 1992. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba iliyotangulia, vyama vingi vimeruhusiwa, na bado vijana waliodai mambo hayohayo walikuwa ndani. Mama zao wakaenda kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, na ombi moja: wafungwa 52 wa kisiasa waachiliwe. Kisha wakaenda kuketi Uhuru Park na kuanza kufunga kula. Wengi walikuwa wa umri wa shosho. Monica Wamwere alikuwa hapo kwa sababu ya mwanawe Koigi, aliyekuwa kizuizini tangu 1990 kwa mashtaka ya uhaini.

Wangari Maathai alikuwa nao. Yeye ndiye aliyekuwa na jina. 1989 alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa kwenye bustani hiyohiyo. Ila kusema ati aliwaongoza ni kurahisisha mambo. Alijua magazeti na ofisi, wao walikuwa na wana gerezani. Hakuna aliyeweza kuwatuma nyumbani, hata yeye.

Halafu kukatokea jambo ambalo nadhani serikali ililiogopa kuliko mgomo wenyewe. Watu walianza kusimama na kueleza walivyoteswa. Kwa miaka mingi habari hizo zilikuwa za kunong'onezana, ukiangalia kwanza nani ameketi nyuma yako kwenye matatu. Sasa zikawa zinasemwa mchana, kwenye nyasi, watu wakisikiliza.

Machi 3 polisi wakaja na rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitalini. Hapo ndipo baadhi ya kina mama wakavua. Kwa Wagikuyu, mama kumwonyesha uchi wake mwanamume wa rika la mwanawe ni laana, na askari wale walijua hivyo. (Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa amefanya kitu cha aina hiyo papa hapa Nairobi mnamo 1922, kuwakejeli wanaume waliosita kumkomboa Harry Thuku. Alipigwa risasi akafa.)

Kina mama wakatawanywa, wakarudishwa makwao kwa nguvu. Si wangeachia hapo? Walirudi mjini. Bustani ilikuwa imezingirwa, basi wakaingia kanisa la All Saints lililo jirani, wakapewa nafasi chini yake. Walikusudia siku chache. Wakakaa karibu mwaka mzima.

Hebu fikiria hiyo kazi. Kulala kwa zamu kwenye magodoro, shamba limeachwa Nakuru au Murang'a, uchaguzi wa Desemba unakuja na kupita, Moi anashinda tena, na wewe bado uko hapo. Wapiga picha walishaenda kwingine. Leo tunapozungumzia maandamano tunahesabu umati wa siku moja, tunauliza kiongozi ni nani. Kina mama hawa walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na jibu lilelile akiulizwa anataka nini: mtoto wangu.

Wafungwa wakaanza kutoka kwa mafungu. Koigi aliachiliwa Januari 1993, na kufikia mapema mwaka huo karibu wote walikuwa nje, kina mama wakafunga mizigo yao.

Novemba mwaka uleule Koigi akakamatwa tena, safari hii kwa kesi ya wizi wa mabavu iliyosikizwa Nakuru.