Ukocha wa wakuu wa mashirika hufaa wakati gani?

KATIKA ulimwengu wa biashara, kocha ni mtu anayeajiriwa kumsaidia mkuu wa shirika kutathmini mwenendo wake, kuweka malengo na kuyatimiza. Tofauti na mshauri, ambaye hupendekeza suluhu, kocha huuliza maswali hadi kiongozi ajipatie jibu mwenyewe.

Huduma hii ni ghali, na ikitolewa wakati usiofaa, shirika hupoteza fedha bure.

Wakati mwafaka zaidi ni kiongozi anapopanda cheo. Mhandisi hodari anapofanywa meneja, ujuzi uliompa sifa hautoshi tena, kwani sasa atapimwa kwa kazi ya wengine. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Harvard Business Review mnamo 2009, makocha 140 walihojiwa. Asilimia 48 walitaja kuwakuza viongozi wenye uwezo mkubwa au kuwasaidia wanaobadilisha majukumu kuwa sababu kuu ya wao kuajiriwa. Asilimia 12 pekee walitaja kurekebisha tabia mbovu.

Sharti la pili ni utayari wa mhusika. Eric Schmidt aliteuliwa kuongoza kampuni ya Google mnamo 2001. John Doerr, mwanachama wa bodi, alipomshauri atafute kocha, Schmidt alipinga, akiona kwamba tajriba yake ilitosha. Hatimaye alimkubali Bill Campbell, aliyewahi kufunza timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia kabla ya kuiongoza kampuni ya Intuit. Mnamo 2009 Schmidt alisema ushauri bora zaidi aliowahi kupewa ni kuwa na kocha. Lakini anayelazimishwa na asiyebadili nia huhudhuria vikao kutimiza wajibu tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Aidha, wenzake kazini sharti wahusishwe. Marshall Goldsmith na Howard Morgan, waliochunguza mashirika manane makubwa, walieleza mnamo 2004 kwamba viongozi waliowarejelea wenzao mara kwa mara kuuliza iwapo wamebadilika ndio walioonekana kuimarika zaidi.

Usiri nao ni nguzo. Mwajiri anayelipa ana haki ya kujua malengo na hatua zilizopigwa, wala si yaliyosemwa faraghani. Mipaka hiyo yafaa kuandikwa kabla ya kikao cha kwanza.

Hata hivyo, ukocha si dawa ya kila ugonjwa. Anayelemewa na ulevi au msongo wa mawazo anahitaji daktari. Iwapo bodi imekwisha kuamua kumfuta meneja, kumletea kocha ni kumhadaa. Vilevile, pale idara mbili zinapopewa malengo yanayokinzana, kinachostahili kurekebishwa ni mpangilio wa shirika, si mtu.